Wale kaa walikwenda wapi?

Mwandishi, umeiponda mno filamu ya I Know What You Did Last Summer (1997). Ni kweli hadithi ina matobo. Julie, mhusika mkuu, anafungua buti la gari, anakuta maiti iliyojaa kaa. Anakimbia kuwaita wenzake, wakirudi buti ni safi, hata harufu hakuna! Kaa wote wale kazoa nani, mchana kweupe? Na muuaji akifichuliwa unabaki kuuliza, huyu naye katokea wapi?

Lakini mbona hukugusa kifo cha Helen, rafiki yake Julie? Muuaji akimwandama, anatoroka kwenye gari la polisi, anaingia dukani kwao, anaruka dirishani, anafika uchochoroni, hatua chache tu kutoka kwenye gwaride la Julai 4. Watu wamejaa, bendi inapiga, na bendi hiyo hiyo ndiyo inayomeza mayowe yake. Nilipoiona kibanda cha video kizima kilimpigia kelele: “Usigeuke, dada!” Akageuka.

Lois Duncan, mwenye riwaya ya 1973 iliyozaa filamu hii, hakuipenda kabisa. Kitabuni mwake hakuna muuaji mvuvi mwenye ndoano kama wa kwenye filamu. Hapo namwelewa, ingawa bila ndoano nisingelala na taa inawaka.