Wagadu: Dunia ya hekaya za Kiafrika iliyofungwa na mwenye ufunguo

Mchezo wa kompyuta ulioahidi kuwapa wachezaji dunia nzima iliyojengwa kwa hekaya za Kiafrika ulifungua milango yake na kuifunga ndani ya mwaka mmoja, 2024. Kisa hicho kinawahusu hata vijana wa Busiu, mashariki mwa Uganda, ambao wengi wao hawakuwahi kuingia katika dunia hiyo.

Wagadu Chronicles ulitengenezwa na studio ya Twin Drums ya mjini Berlin, Ujerumani, iliyoasisiwa na Allan Cudicio. Ulikuwa mchezo wa njozi unaowakutanisha watu wengi mtandaoni, kila mmoja akijivika uhusika aliojibunia mwenyewe. Jina lake linatokana na Wagadu, dola ya kale ya Wasoninke iliyojulikana pia kama Ghana. Michezo mingi ya aina hii huazima majoka na ngome za Ulaya. Huu ulichota katika visasili vya bara la Afrika.

Mapokezi yalikuwa ya matumaini. Wapenzi wa michezo walichangia fedha kupitia mtandao, na kampuni kubwa ya Marekani, Riot Games, ikatia mtaji. Hata hivyo, sifa hazikutosha kuuweka hai katika kipindi ambacho wawekezaji walikuwa wakiipa kisogo sekta hiyo na wafanyakazi wengi kupunguzwa.

Kilichonunuliwa ni nini?

Mchezo wa aina hii haukai ndani ya kompyuta ya mnunuzi. Uhai wake umo katika seva za kampuni. Seva zikizimwa, makazi yaliyojengwa, wahusika waliolelewa na mikutano ya kila jioni hutoweka kwa pamoja.

Malalamiko kuhusu jambo hilo yamevuka mipaka. Mwaka 2024, baada ya kampuni ya Ubisoft kuuzima mchezo wake wa magari, The Crew, kulizuka kampeni ya kudai michezo iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka. Kufikia Julai 2025, ombi lililowasilishwa kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepata saini zaidi ya milioni moja.

Kufuli mbili Busiu

Katika Busiu, mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Tororo kwenda Mbale, kijana anakabiliwa na kufuli mbili. Ya kwanza iko mikononi mwa kampuni ya ng'ambo. Ya pili iko nyumbani. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii; Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na ushuru wa asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ilikatwa kote nchini kwa takriban siku tano. Mchezo unaotegemea mtandao, siku kama hizo, haupo.

Kuna pia suala la lugha. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini dunia hizi za njozi bado huzungumza zaidi Kiingereza. Msemaji wa Kiswahili wa Mbale au Jinja huingia humo akiwa mgeni, hata pale hekaya zinapokuwa za bara lake.

Wamasaaba wa eneo hilo hawajawahi kuhitaji seva ili kuihifadhi imbalu, sherehe ya jando inayofanyika katika miaka ya shufwa. Nyimbo na ngoma zake zimo vifuani mwa watu. Waliothubutu kuunda Wagadu walionyesha kuwa hekaya za Afrika zinaweza kubeba mchezo mkubwa. Kilichobaki ni swali la umiliki, kwani wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Waganda watakaobuni dunia zao kesho watalazimika kuamua mapema nani atashika ufunguo.