TUUJENGE UKUTA TANGU SHULENI

Wapenzi wa mpira wa Namtumbo, kama ndugu zao wa Songea, waijua raha ya ushindi: Majimaji ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1985, 1986 na 1998. Waijua pia huzuni, kwani mwaka 2018 timu hiyo ilishuka kutoka Ligi Kuu.

Nayo Taifa Stars ina funzo. Katika fainali za Afrika za mwaka 2019 ilifungwa magoli 8 kwa michezo 3. Katika zile zilizochezwa Januari 2024 ilifungwa 4, na 3 kati ya hayo yaliingia siku moja mbele ya Morocco. Hayo ni maendeleo, wala hatuyabezi. Lakini Zambia, ikiwa imebaki na watu 10, ilisawazisha dakika ya 88. Ukuta ulilegea mwishoni.

Beki hodari hapatikani kwa siku moja. Katika viwanja vya vijiji vyetu kila kijana ataka kufunga, na asiyejua kufunga ndiye husukumwa nyuma. Kosa hili sharti likome. Beki achaguliwe kwa akili na pumzi, si kwa kimo tu. Na mafowadi wafundishwe kwamba ulinzi huanza kwao, mara mpira unapopotea.

Twawataka viongozi wa matawi, walimu na wafanyakazi wa Namtumbo waianze kazi hii sasa, bila kungoja wageni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.