Moshi wa jikoni haukomei kifuani

Msomaji, hebu ingia kwa fikira katika jiko moja huko Nanighi, kando ya Mto Tana, jua linapotua. Kuna mafiga matatu, kuni za mathenge ambazo hazijakauka vyema, na mama anayepuliza moto huku machozi yakimtoka. Mtoto yumo mgongoni. Bibi ameketi pembeni. Wote watatu wanavuta moshi uleule, na bibi ameuvuta tangu alipozaliwa.

Ukiuliza madhara ya moshi huo utajibiwa: macho mekundu na kikohozi. Ni kweli. Uchunguzi uliofanywa Mpala, Laikipia, na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kadiri mtu anavyovuta moshi mwingi ndivyo anavyozidi kupatwa na maradhi ya kifua. Lakini moshi hauishii hapo. Unafika ubongoni.

Vipi? Moshi umejaa chembe zisizozidi mikromita 2.5 kwa upana, ilhali unywele mmoja una takriban mikromita 70. Chembe hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia katika damu. Nyingine zaweza kupitia puani, zikifuata neva ya kunusa. Mwaka 2016 wanasayansi walieleza kuwa wamepata chembe za madini ya chuma, za aina inayotokana na moto mkali, katika bongo za watu waliofariki Mexico City na Manchester. Mwili unapopambana na uchafu huo miaka nenda miaka rudi, mishipa ya damu huharibika na seli za ubongo huweza kudhoofika.

Ndiyo sababu mwaka 2020 tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliiongeza hewa chafu katika orodha ya mambo yanayochangia ugonjwa wa kusahau uzeeni. Mwaka 2024 orodha hiyo ilifika mambo 14, na tume ikakadiria kuwa yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa vingezuilika au kucheleweshwa.

Sisemi kwamba kila apikaye kwa kuni atapoteza kumbukumbu. Uchunguzi mwingi umefanywa katika miji yenye moshi wa magari. Hata hivyo, huko India, Uchina na Mexico imeonekana kuwa wazee wanaopikia kuni na fueli nyingine za moshi hupata alama za chini katika majaribio ya kumbukumbu. Hiyo yatosha kututahadharisha.

Nasi tuna sababu ya ziada ya kutahadhari. Hapa Pwani, mzee anayepotea njia, anayesema peke yake usiku au kuwasahau wanawe, huenda akaitwa mchawi. Jirani zetu wa Kilifi wamewazika wazee wengi waliouawa kwa tuhuma kama hizo. Familia nyingine humfungia mzee ndani kwa aibu. Mficha maradhi kilio humfichua. Kusahau kwa namna hiyo ni ugonjwa, na mahali pake ni zahanati.

Nini kifanyike? Serikali iliondoa ushuru wa VAT kwenye gesi ya kupikia mwaka 2023, na hilo ni jema. Lakini mtungi ungali ghali kwa mtu anayeokota kuni bure. Kaunti ya Tana River ingesaidia vikundi vya akina mama kupata majiko ya kuni yanayopunguza moshi. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa vifaa vya kupima presha na sukari mwaka 2023, waulize pia maswali mawili: mnapikia wapi, na mzee wenu anakumbuka vipi? Presha yenyewe imo katika ile orodha ya mambo 14.

Nawe msomaji, usingoje kaunti. Kausha kuni kabla ya kuziwasha. Pikia nje au penye upepo. Toboa dirisha jikoni, tena juu, moshi upate pa kutokea. Watoto na wazee wakae mbali na moto. Na kamwe usilale na jiko la makaa ndani, kwani hewa yake huua bila kuonekana.

Bibi yule wa pembeni ndiye anayejua ukoo wetu na mafuriko ya zamani. Tusiuache moshi umpokonye hayo.