Aliyeisoma Foleni ya Malaba

KANDO YA MPAKA
Na Juma Ekirapa

Madereva wa Mombasa walicheka mara ya kwanza waliposikia wanaume wazima wakimwita Toto. Mama wa miaka sitini na kitu, mwenye mikono ya kusonga sufuria ya watu hamsini, ataitwaje toto? Ilibidi wakae, wanywe chai, waelezwe kwamba kwa Kiteso toto ni mama. Wakirudi mwezi uliofuata na kontena jingine, walianza kumwita hivyo tangu mlangoni, na hakuna aliyecheka tena.

Tulimzika Jumamosi iliyopita kwao Kwapa, upande wa Tororo. Tulikuwa marafiki miaka ishirini na mmoja.

Hoteli yake ilikuwa mabati machache na meza tatu, Malaba upande wa Uganda. Mganda akiingia aliletewa posho, Mkenya akaletewa ugali, na sufuria ilikuwa ni moja. Atap ndiyo ilikuwa na sufuria yake, wimbi na muhogo, pamoja na kunde za kuungwa kwa karanga alizosaga mwenyewe. Dada yake ameolewa Amukura, Kenya. Mpaka huu ulipowekwa mwaka 1902, nchi ya Wateso ilipasuliwa vipande viwili, lakini kwa Toto kuvuka kulikuwa kwenda kumsalimia dada na kurudi na gunia la wimbi.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kuwasha moto, alikuwa akisimama kando ya barabara na kumsimamisha kijana wa bodaboda aliyetoka ng'ambo ya Kenya. Swali lake lilikuwa moja siku zote: “Mkia uko wapi?” Alimaanisha mkia wa foleni ya malori. Akiambiwa mkia umefika Amagoro, aliongeza kilo mbili za maharagwe. Akiambiwa malori yanapita bila kusimama, alipunguza unga. Nimekaa na maofisa wengi wa forodha katika kazi hii ya uandishi, na sijaona aliyeijua foleni ile kama yeye.

Januari 2008, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, foleni iligeuka ikawa ya watu. Walivuka na magodoro na watoto mgongoni, wengi wao baadaye wakapelekwa kambi ya Mulanda. Toto aliacha kuuza kwa siku sita. Alipika uji kwenye pipa. Nilipomuuliza unga ameutoa wapi, alinijibu kwamba swali hilo ni la mtu aliyeshiba.

Alikuwa pia na akili ya kazi ambayo haifundishwi. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, madereva waliokuwa wakirudi pwani waliogopa kuvuka na kaveera ya chapati. Toto akachukua majani ya mgomba. Alilipitisha kila jani juu ya moto, polepole, mpaka rangi yake ikakolea na likalainika, kisha akafunga nyama na ndizi ndani yake bila jani kupasuka. Dereva aliweza kula Eldoret na chakula bado kina uvuguvugu. Na mwaka 2020, madereva walipokwama siku nyingi wakisubiri majibu ya vipimo vya korona na watu wakiwakimbia kama ndio ugonjwa wenyewe, aliweka sahani kwenye benchi, akarudi nyuma hatua nne, akawasalimu kwa sauti: “Yoga!” Sarafu zao zilitumbukia kwenye karai la maji ya sabuni.

Serikali zetu zimefanya kazi kubwa kuifupisha foleni hiyo. Tangu 2014 mizigo mingi hulipiwa ushuru kabla haijatoka bandarini. Februari 2018 marais Kenyatta na Museveni walifungua kituo cha pamoja Busia, na hapa Malaba pia lori siku hizi hukaguliwa mara moja, katika nchi linakoingia. Ni jambo jema, na Toto mwenyewe hakulipinga, ingawa lilimpunguzia sahani. Kinachoniuma ni kwamba katika mipango yote hiyo ya maegesho, mizani na ofisi, sikuona popote palipochorwa jiko.

Maana kilichomuua rafiki yangu, ninavyoamini mimi, ni moshi. Miaka thelathini alipika kwa kuni ndani ya mabati yasiyo na dohani. Kikohozi kilianza kama cha mafua. Zahanati moja ilimpa dawa ya maji ya kikohozi, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyemuuliza anapikia nini. Pumzi ilipoanza kukatika alikaa kwenye kigoda akawa anaelekeza kwa mkono. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 pekee. Wakati malaria inahubiriwa kila redio, huu moshi tunauita harufu ya chakula kizuri.

Kina mama wanaopika mpakani hulipa ushuru wa soko, pande zote mbili. Kaunti ya Busia na wilaya ya Tororo zinaweza kuwajengea majiko ya pamoja yenye dohani na maji ya bomba, na kuwakopesha mtungi wa kwanza wa gesi, kwa kuwa huo wa kwanza ndio unaowashinda. Kuujaza baadaye wanaweza. Nimeandika barua kwa ofisi zote mbili wiki hii. Nitaandika tena.

Jumatatu nilivuka kwenda kumpa pole binti yake, nikakuta ameshafungua. Kijana wa bodaboda alikuwa amesimama kando ya barabara, hajazima injini, akingoja kuulizwa lile swali. Moshi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Nilimsikia binti akikohoa kabla sijamwona.