Fidia: Kipimo Kiwe Kimoja



Mwezi Julai 2023, jopo la wasuluhishi chini ya kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji liliiamuru Serikali yetu kuilipa kampuni ya Indiana Resources ya Australia na washirika wake zaidi ya dola za Marekani milioni 109, yaani fidia, riba na gharama. Shauri lilihusu nikeli ya kilima cha Ntaka, wilayani Nachingwea. Kampuni hiyo ilikuwa na leseni ya kuhodhi eneo. Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 na kanuni za Januari 2018 yaliziondoa leseni za namna hiyo. Mwaka 2024 pande mbili zilipatana kwa dola milioni 90.

Hatuyaandiki haya kwa kumwonea kijicho mwekezaji, wala kwa kuilaumu Serikali inapolinda mali ya taifa. Tunayaandika kwa sababu shauri lile limedhihirisha kanuni iliyo wazi: anayeondolewa katika kile alichokuwa nacho kihalali hulipwa thamani yake, na anayecheleweshewa huongezewa riba. Tunauliza basi: je, kanuni hiyo humfikia pia mama mwenye mikorosho thelathini kijijini, asiye na wakili wala mkataba wa mataifa mawili wa kumkinga? Wilayani Ruangwa madini ya kinywe yamezileta leseni za uchimbaji juu ya ardhi ya vijiji, Matambalale kikiwa kimojawapo. Kwa hiyo swali hili linahusu mashamba ya waamini wetu wenyewe.

Sheria inasemaje

Kwa muda mrefu ardhi ya mwananchi ilihesabiwa kama pori lisilo na mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Ndipo mwaka 1947 Waingereza walipoanza Mpango wa Karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango huo uliachwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kwa ajili yake nayo iling'olewa baadaye. Wazee wetu walijifunza mapema kwamba mradi mkubwa waweza kuja na kuondoka, na mkulima akabaki na hasara yake.

Baada ya Uhuru mawazo hayo hayakufutika mara moja. Alipotwaliwa ardhi, mwananchi alilipwa kwa ajili ya nyumba na mazao aliyoyaendeleza, na ardhi yenyewe ikahesabiwa kuwa haina bei. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba haki ya kumiliki ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba kumnyang'anya mtu mali hiyo bila fidia inayostahili ni kuvunja Katiba. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, zikakaza uzi huo: fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe upesi.

Kanuni za mwaka 2001 zimeeleza fidia hiyo ina nini ndani yake. Kwanza ni thamani ya ardhi na maendelezo yake kwa bei ya soko. Kisha posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi ya miezi 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Malipo yakipita miezi sita, riba hudaiwa. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imeongeza kwamba uthamini wa fidia una uhai wa miaka miwili. Ukipita muda huo bila malipo, lazima urudiwe.

Jeraha la kuchelewa

Ndugu wapendwa, sheria hizi ni njema. Shida iko katika siku zinazopita kati ya kuhesabiwa na kulipwa. Shamba likishathaminiwa, mwenye shamba huambiwa asipande tena zao la kudumu wala asijenge. Anangoja. Paa linavuja na halitengenezwi, kwa maana nyumba imekwisha kuandikwa. Mkorosho huanza kuzaa mnamo mwaka wa tatu, huchukua miaka mingine kukomaa, kisha hulisha nyumba kwa miongo kadhaa. Anayezuiwa kupanda kwa miaka miwili amepoteza zaidi ya misimu miwili, kwa sababu miche ambayo ingekuwa inakua haipo. Bei ya shamba jingine nayo inapanda. Fedha iliyotosha kununua ekari tatu siku ya uthamini huenda isitoshe kununua mbili siku ya malipo. Haki iliyocheleweshwa namna hii imekwisha kupunguzwa.

Wako wanaosema kwamba maendeleo ya taifa hayawezi kumsubiri mtu mmoja. Tunakubali kwamba manufaa ya wote ni jambo kubwa; Kanisa limelifundisha hilo tangu zamani. Lakini manufaa ya wote yanapaswa kugharimiwa na wote. Barabara, mgodi au hospitali vikijengwa kwa jasho la kaya kumi ambazo hazikulipwa ipasavyo, kaya hizo zimetozwa kodi ambayo jirani zao hawakutozwa.

Mfano wa Ibrahimu

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, Ibrahimu anatafuta mahali pa kumzika Sara. Anapewa shamba bure, naye anakataa. Analipa shekeli mia nne za fedha, bei kamili, langoni pa mji, mbele ya wote. Maandiko hayakuacha kutaja hata miti iliyokuwamo shambani humo. Malipo yanatangulia, mashahidi wapo, kila mti umehesabiwa, ndipo shamba linabadili mwenyewe. Ni vigumu kupata kielelezo bora cha uthamini wa haki.

Wajibu wetu

Tunawaomba viongozi wa walei na wa jumuiya ndogo ndogo wafanye mambo manne. Kwanza, wahimize watu kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji hairuhusu ardhi ya kijiji kuhamishwa kabla ya kukubaliana aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kuilipa. Pili, siku ya kuhesabu, mwenye shamba awepo pamoja na mwenzi wake na jirani anayeijua mipaka. Asitie saini wala dole gumba kwenye karatasi isiyojazwa, na atunze nakala pamoja na tarehe. Tatu, wawatazame wajane na akina mama. Mapokeo ya Wamwera yalifuata ukoo wa mama, na mashamba mengi yametunzwa na wanawake. Haifai fidia ya familia nzima iishie mkononi mwa mwanamume mmoja. Nne, jumuiya iihesabu miezi. Sita ikitimia bila malipo, waandike barua ya kudai riba kwa heshima na bila woga, na nakala wailete parokiani.

Mdai haki si adui wa maendeleo. Taifa lililoweza kumlipa mgeni mamilioni ya dola kwa ajili ya leseni iliyofutwa Nachingwea, lina uwezo wa kumlipa mzalendo wa Nachingwea na Ruangwa thamani ya mikorosho yake, yote, na kwa wakati. Tusiombe huruma. Tuombe kipimo kile kile.