Njia ya Kumbukumbu za Kompyuta Ifungwe

Ndugu wafanyakazi, daftari la mnyapara liliandikwa kwa wino, na mfanyakazi aliyedhulumiwa aliweza kuonyesha mahali palipofutwa. Siku hizi, katika viwanda na mashamba mengi, kompyuta ndiyo inayoandika: nani ameingia, saa ngapi, kwa mashine ipi. Mwenzetu akishtakiwa, karatasi ya kompyuta huwekwa mezani kana kwamba haiwezi kusema uongo.

Sisi tunasema inaweza. Programu inayoandika kumbukumbu za mtandao mara nyingi iko kwenye kompyuta moja, na hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu hizo, iko kwenye nyingine. Kati yake kuna njia. Rsyslog, programu ya bure iliyoanzishwa na Mjerumani Rainer Gerhards mwaka 2004, huweza kupeleka kumbukumbu katika ghala la MySQL au PostgreSQL. Lakini fundi asipoifunga njia hiyo, mtu aliyejipenyeza katikati aweza kusoma yanayopita, hata kuyageuza. Na neno la siri la kufungulia ghala huandikwa wazi katika faili la mipangilio. Alipataye faili hilo amepata ufunguo.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, njia ifungwe kwa TLS, ambayo hugeuza maneno yawe fumbo, na cheti cha kompyuta ya ghala kikaguliwe, tusije tukampelekea mlaghai kumbukumbu zetu. Pili, akaunti ya programu iruhusiwe kuongeza mistari tu, isiweze kufuta wala kubadili. Tatu, faili lenye neno la siri lisomwe na fundi mhusika peke yake.

Waajiri wasitwambie kwamba ni gharama kubwa. Rsyslog, MySQL na PostgreSQL zote zina uwezo wa kutumia TLS. Kinachotakiwa ni kazi ya fundi na nia ya mwenye mali. Tena kuna sheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022, na zote zinamtaka mwenye kutunza taarifa hizo azilinde.

Kamati za matawi zisingoje kesi. Ziulize leo: njia imefungwa? Nani anaweza kufuta? Ufunguo anao nani? Mwajiri asiyeweza kujibu asituletee karatasi ile kama shahidi wa kumfukuzisha mtu kazi.