Picha Bila Jina Ni ya Nani?

Ukipanda matatu ya Garsen kutoka Malindi, ukaipita Gongoni, utafika Marereni, penye vilima vyeupe vya chumvi. Huko ndiko mpwa wangu, msichana wa sekondari, alikochorea picha iliyotuzulia ubishi likizo iliyopita.

Picha yenyewe haina mtu wala mnazi. Ni miraba ya kijivu, waridi na nyeupe, iliyotengwa kwa mistari ya rangi ya udongo. Watu wa sanaa huiita picha dhahania. Alitumia rangi za akriliki, nami nakushauri uanze na hizo. Huchanganywa na maji tu, hazitaki tapentaini. Maji yakikauka, hubaki utando wa plastiki ulioshika rangi. Ukipaka nyingine juu yake, ya chini haitibuki. (Si ndivyo chumvi inavyopatikana? Jua huchukua maji, kitu kikabaki.) Lakini uchunge upepo wa pwani, maana hukausha rangi sahanini kabla hujageuka. Toa kidogo kidogo, brashi uiweke majini, na ukumbuke kwamba rangi hii ikikauka huzidi kukoza.

Sasa jina. Nyuma alikuwa ameandika "Ndoto Namba 3". Nikamwuliza, namba 1 na 2 ziko wapi? Akacheka. Ni kweli Jackson Pollock wa Marekani alianza kuzipa picha zake namba mwaka 1948, ili mtu atazame rangi badala ya kutafuta kitu kilichofichwa. Hoja nzuri, lakini mimi nawafuata Wagiriama. Kigango, ule ubao mrefu uliochongwa pembetatu, ni dhahania kushinda picha nyingi, ila kila kimoja ni cha mzee fulani wa Gohu aliyefariki, na jamaa zake wanamjua. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye vikaibwa, vikaibukia katika makumbusho ya Marekani, ambako kigango ni sanaa tu. Ile picha ndiyo iliyosema ni vya nani, na kufikia 2007 vilikuwa vimerudishwa Kenya.

Basi tukaiegemeza kazi ya mtoto ukutani, tukamwita shemeji yangu, babake, ambaye amefanya kibarua cha chumvi miaka mingi. Hatukumwambia lolote. Akatazama kitambo, akaweka kidole kwenye mraba wa waridi.

"Haya maji yamekolea," akasema. "Bado siku chache tunakwangua." Kisha akamwuliza bintiye mbona kidimbwi cha mwisho hakipo.

Msichana akaifuta Ndoto yake, akaandika "Bado Siku Chache". Kidimbwi cha mwisho ameahidi kukichora Aprili. Mamake angali anasema jina hilo linamkumbusha karo.